Barua Iliyofika Ikiwa Imeshasomwa

4 Novemba

Mwanangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua utaanza na shikamoo yako ndefu. Sisi huku wazima. Cherehani mbili zinafanya kazi na ya tatu inakohoa. Mzee Pasi bado anapiga pasi akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama vile mwingine ameukopa, na ukimletea kiti ananuna mpaka jioni. Mkasi naye, yule binti aliyekuja kwangu hajui hata kushika rula, sasa anakata mashuka arobaini bila kuharibu kipande cha upana wa kiganja. Ni mwaka wa kumi na moja huu tangu aje. Mkeo mwambie picha ya mjukuu imefika, na kwamba masikio ni ya kwetu, asijisumbue kubisha.

Sasa nije kwenye jambo. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Unajua baba yako, Mungu amrehemu kaka yangu, alivyotuzoesha: salamu kwa simu, jambo kwa barua, ili mtu asijibu kabla hajafikiri. Sijaona sababu ya kuacha.

Hospitali imepata mkuu mpya wa ununuzi, mwanamama mdogo mwenye miwani mikubwa. Ameniita ofisini akaniambia kuanzia mwaka ujao hakuna karatasi. Kila fundi anayewashonea atatumiwa mkataba kwa barua pepe katikati ya Desemba, na asiyejibu ndani ya siku saba ataandikwa kuwa amekataa. Nikamwambia mashuka ya wodi na magauni ya chumba cha upasuaji nimewashonea miaka kumi na tisa, sijachelewa hata siku moja. Akasema, kwa adabu sana, kwamba ndiyo sababu ananiambia mapema.

Kwa hiyo nataka simu ya kisasa. Hii yangu ya kubonyeza inaita na inamulika, basi. Hospitali ikiondoka, karakana imefungwa, kwa sababu suruali za majirani hazitulishi watu watatu. Wewe unayepandisha na kushusha watu kwa umeme kutwa ndiye wa kuniambia ninunue ipi. Iwe ya kupokea barua pepe na kuingia mtandaoni siku za kawaida. Sitaki ya kuringia.

Uliniuliza kuhusu kuanguka. Yule mwuza dawa jirani yangu ana maneno mengi kuliko dawa. Niliteleza, nikainuka.

Salamu kwa nyumba nzima mpaka kwenye upindo.

Shangazi yako


19 Novemba

Shikamoo Shangazi, na hii nimeifupisha kwa ajili yako.

Hatujambo. Mjukuu wako ametoa jino la pili na sasa anatuuma sote bila ubaguzi. Mama yake anasema masikio anakubali, ila pua hatoi. Kazini tumefunga lifti mbili kwenye jengo la ghorofa kumi na nne, na wapangaji wamechukia ngazi mpaka wananisalimia kwa ukali kana kwamba ngazi nilizijenga mimi.

Simu. Ukiingia dukani, mwuzaji ataanza na kamera, atakuhesabia macho yaliyoko mgongoni mwa simu. Mwache amalize. Kisha muulize betri inakaa muda gani, kwa sababu simu ya mtandao hula chaji kuliko hiyo yako, na umeme wa mtaani kwenu naujua. Muulize nafasi ya ndani. Ikiwa ndogo, baada ya miezi mitatu itakuambia imejaa na itaanza kuburuta miguu. Iwe inashika mtandao wa kasi, 4G angalau, maana zile za zamani barua yenye kiambatanisho huifungua nusu ikakwama. Kioo kiwe kipana na herufi ziweze kukuzwa. Laini mbili, moja ya kupiga na nyingine ya bando. Na usinunue iliyokwisha kutumika hata akikuapia nani. Nunua mpya yenye dhamana.

Sanduku la barua pepe nimeshakufungulia kwenye simu yangu. Anwani na neno la siri vimo kwenye kikaratasi humu ndani. Wape hospitali hiyo anwani. Mpaka utakaponunua nitakuwa naliangalia mimi, na mkataba ukiingia nitakupigia saa hiyohiyo.

Jambo langu sasa. Mwuza dawa hakuniambia umeteleza. Alinieleza habari ya mkono wako wa kulia. Sitaiandika, nataka uiandike wewe. Chumba cha mbele tumekipaka rangi, kina dirisha la mashariki na kitanda kipya. Hakuna mtu atakayekulaza kwa nguvu, Shangazi, lakini miaka sitini na saba si michache. Fikiria.

Mwanao


6 Desemba

Mwanangu,

Tunamshukuru Mungu tumeamka. Cherehani ya tatu imepona, ilikuwa mkanda tu. Jino la pili nalipongeza.

Nimezunguka maduka manne na Mkasi. La kwanza kijana aliongea na Mkasi tu, mimi akaniona mzigo aliokuja nao. La pili walikuwa na simu uliyoieleza, lakini kioo chake hakikunisikia. Ninagusa, kimya. Nagusa tena, kimya. Mkasi akigusa, inafunguka kama mlango wa benki. Mwuzaji akasema, “Mama, vidole vyako vimekuwa vigumu, kioo kinadhani ni kijiti.” Miaka arobaini na mitano ya sindano, na mwisho wake kioo kinaniita kijiti. Nilicheka mpaka nikakaa.

Basi toka hapo ndiyo kipimo changu. Napita dukani, sisikilizi betri wala macho ya mgongoni, nanyoosha kidole kwanza. Isiponijua naiweka chini. Ikinijua nampa Mkasi naye aijaribu, aandike barua nzima, afungue, afunge, anieleze. Duka la nne kuna moja ilinijua mara ya kwanza. Kioo kipana, nilikipima na futi yangu, kinazidi kiganja. Betri wanasema siku moja na nusu. Laini mbili. Hawana mpya, waliniambia zinaingia Januari, kwa hiyo nimewaambia waniwekee.

Chumba umekiandikia kipande kirefu kuliko simu, na mimi sikuuliza chumba. Rangi ya bure nayo ni gharama, mpangishe mtu.

Nijibu hili tu: barua ya hospitali imeingia? Anwani niliwapa siku nilipopata barua yako, nikaiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, na yule mwanamama akaisoma mara mbili. Nahesabu siku.

Nawasalimu mpaka kwenye upindo.

Shangazi yako


28 Desemba

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na lifti iliyokwama na mama mjamzito ndani, kwa saa mbili, na baada ya hapo mkuu wangu alitukalisha na ripoti wiki nzima. Mama yule alitoka salama. Mtoto wetu alipata homa ikapita. Mkwe wako anakusalimu.

Kuhusu simu, usiharakishe. Nimesikia Februari zinaingia nzuri zaidi. Hiyo waliyokuwekea hata isipopatikana usiumie.

Kuhusu hospitali, sina la kukuambia kwa sasa. Usiwe na wasiwasi. Umefanya kazi ya kutosha kwa watu wale, hata wao wanajua.

Pumzika siku hizi za mwisho wa mwaka. Mkono usiuchoshe.

Mwanao


15 Januari

Mwanangu,

Salamu nitazifupisha. Wote wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimekuuliza barua imeingia au haijaingia, ukanijibu kuhusu mama mjamzito. Siku ile ile nikaenda duka la nne. Zilikuwa zimeingia. Nimeinunua. Mkasi ameniwekea laini na bando, tumekaa kwenye meza ya kukatia tukalifungua sanduku kwa kikaratasi chako. Neno la siri nililiandika kwa kidole changu mwenyewe, nikakosea mara nne, ya tano likakubali.

Ndani ya sanduku mlikuwa na barua nne. Tatu zimeandikwa kwa wino mzito. Ya nne, ya hospitali, ya tarehe 12 Desemba, wino wake ni mwembamba. Nikamwuliza Mkasi kwa nini hii imefifia. Akanionyesha. Akafungua moja ya zile nzito, akaifunga, nayo ikawa nyembamba. Nzito haijasomwa. Nyembamba imeshasomwa.

Nimeisoma. Ni mkataba wetu, mwaka mzima, mashuka na magauni, na mwisho wake wanasema jibuni ndani ya siku saba. Leo ni siku ya thelathini na nne.

Nimekupigia mara tatu. Mara zote mkeo anasema uko kwenye shimo la lifti. Ni shimo gani hilo lisilo na mwisho? Mkeo simlaumu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetumwa.

Naandika maswali mawili na nataka majibu mawili. Uliisoma? Ulijibu nini?

Mzee Pasi amesimama mlangoni ananitazama ninavyoandika. Sijamwambia. Mkasi anajua, na tangu jana anakata kitambaa kilekile. Jumatatu naenda hospitali, jibu lako liwe limefika au halijafika.

Shangazi yako


2 Februari

Mwanangu,

Hujajibu. Huenda barua yako iko njiani, huenda haipo. Nakuandikia hivyo hivyo.

Nimekwenda. Nilivaa gauni la kijivu na nikachukua simu mkononi kama ushahidi. Yule mwanamama wa ununuzi alinipokea vizuri, akaniagizia maji, akanishika bega. Nikashangaa anaanza kunipa pole. Nikamwambia nimekuja kuhusu mkataba, nimechelewa kuusoma, sanduku langu lilikuwa kwa mtu mwingine. Akafungua jalada, akatoa karatasi iliyochapwa, akaniwekea mbele yangu. Akasema, “Lakini Mama, ulitujibu. Barua yako tuliibandika ukutani, wauguzi walilia.”

Nikaisoma nimesimama. Imeandikwa tarehe 14 Desemba. Inasema miaka kumi na tisa nimewashonea kwa moyo mmoja, kwamba mkono wangu umechoka na sasa umefika wakati wa kuupumzisha, kwamba sitaweza kuuchukua mkataba huu wala mwingine. Chini imeandikwa jina langu la kazi, fundi wenu wa siku zote. Na juu ya jina: nawashukuru wote, mpaka kwenye upindo.

Nilianza kudhani ni mafundi wenzangu wamenichezea. Wapo wenye tamaa hiyo, na nilishaanza kumtaja mmoja kwa sauti, Mungu anisamehe. Halafu nikafika kwenye upindo. Maneno hayo siwaandikii wateja. Kwenye stakabadhi hayapo. Kaka yangu niliwahi kumwandikia, na wewe. Kaka yangu hayupo.

Ingekuwa umeandika vibaya ningepata nguvu ya kukasirika. Umeandika kama mimi. Hata mahali ninapoweka mkato umepajua.

Nikamwambia mwanamama yule kwamba sikuandika mimi. Aliniangalia kama watu wanavyomwangalia mzee aliyesahau. Aliniuliza kama kuna mtu wa nyumbani wa kunisindikiza. Nikaondoka. Mashuka wameshampa fundi mwingine tangu mwanzo wa mwaka. Magauni bado wanatafuta.

Mzee Pasi nimemwambia. Alikunjua shuka lililokuwa mezani, akalipiga pasi mpaka mwisho, akaaga. Ameenda kwa binti yake. Hajarudi.

Shangazi yako


14 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ya tarehe 15 ilinifika tarehe 27. Niliiweka mfukoni mwa ovaroli, nikafanya nayo kazi siku kumi na saba. Hii ya pili imenifika jana na sina pa kujificha tena.

Niliisoma. Nilijibu mimi.

Mwuza dawa alinipigia mwezi wa kumi. Alisema alikukuta sakafuni chini ya meza ya kukatia, mkasi mkubwa ukiwa umefunguka karibu na shingo yako. Alisema kidole chako cha shahada kilikuwa kimepitiwa na sindano ya cherehani, na wewe hukuwa unajua mpaka alipokuonyesha damu. Nilikuuliza kwa simu, ukacheka. Nilikuuliza kwa barua, ukaniambia umeteleza. Nilikuuliza tena, ukanitumia hadithi ya kioo kinachokuita kijiti. Shangazi, mimi nilijua kwa nini kioo hakikusikii. Nilicheka na wewe, kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi.

Baba alikufa kazini. Wewe ndiye uliyenifuata shuleni siku ile, ukasimama mlangoni pa darasa na futi ikiwa bado shingoni. Ulikuwa umetembea njia nzima hujui kama umeivaa. Nimeiona futi ile kila siku tangu mwuza dawa aliponipigia. Niliogopa. Sina neno jingine. Niliogopa kwamba safari hii nitafuatwa mimi, kwenye shimo la lifti, na mtu nisiyemjua.

Mkataba ulipoingia nilishika simu nikupigie kama nilivyoahidi. Nikaona mwaka mzima wa mashuka. Nikaandika jibu la mistari miwili, likawa la kijeuri. Nikalifuta. Nikaandika kama ambavyo ungeandika wewe, na lilitoka lote kwa mkupuo mmoja, nikalituma kabla sijajutia. Walipojibu kukushukuru, nilifuta jibu lao na langu. Ule mkataba wenyewe nilishindwa kuufuta. Ulikuwa wako.

Nilidhani ukiona kimya utaumia mwezi mmoja, halafu utakuja kwetu upumzike. Mzee Pasi sikumfikiria. Mkasi sikumfikiria.

Nitukane kwa simu, nitapokea. Au niruhusu nije nikuchukue.

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Sitakutukana. Nilijaribu siku mbili nikaona natukana mtoto aliyesimama mlangoni pa darasa.

Ulitaka niandike habari ya mkono. Haya. Mkono wangu wa kulia hausikii sindano. Ulianza kwenye vidole viwili, sasa ni kiganja kizima. Daktari aliniambia mwezi wa nane kwamba mishipa haitarudi. Nikirudia kuanguka nitakuwa nimejitakia. Sikukwambia, kwa sababu ningekwambia ungekuja siku ya pili na gari la kubebea vitu, na mimi nilikuwa na kazi moja ya kumaliza.

Sasa nikuandikie ambalo hukuliuliza.

Mkataba ule nilikuwa nataka kuukataa mwenyewe. Mwezi wa kumi, nilipotoka kwa yule mwanamama wa ununuzi, nilikwenda kwa matroni, mkuu wa wauguzi, tukafunga mlango. Nikamwambia mwaka huu mkitumiwa jibu langu litasema hivi: mimi basi, lakini yupo Mkasi, nimemfundisha miaka kumi na moja, kila gauni mlilovaa miaka mitatu hii amekata yeye na nusu ameshona yeye, mwandikeni yeye. Matroni akasema andika hivyo hivyo, ndani ya siku saba, na mimi nitaweka neno. Ndiyo maana nilitaka simu. Ndiyo maana kila duka nilimpa Mkasi aishike. Ile simu ilikuwa ya kunipokelea barua moja na kujibu mara moja, halafu iwe ya karakana, na karakana iwe yake. Mkasi mwenyewe sikumwambia, nilitaka ausome mkataba una jina lake.

Matroni amestaafu Desemba. Neno lake limeondoka naye.

Umeandika mkono wangu umechoka, kweli. Umeandika sitaweza, kweli. Kila kitu ulichoandika kwenye barua ile ni kweli, ila umeacha sentensi moja, kwa kuwa hukuijua, na hukuijua kwa kuwa hukuuliza. Hiyo moja ndiyo niliyoifanyia kazi miaka kumi na moja. Kusema “basi” kulikuwa haki yangu. Neno hilo nilikuwa nimeliandaa kama mtu anavyoandaa nguo ya safari, na wewe ukaivaa ukaenda nayo.

Na mimi nina kosa langu. Ningekwambia, usingefanya. Hilo nalijua na halinipi usingizi. Lakini kosa langu ni kunyamaza juu ya mwili wangu. Lako ni kusema kwa mdomo wangu. Usiyaweke kwenye mzani mmoja.

Nataka kitu kimoja. Mwandikie yule mwanamama wa ununuzi. Kwa jina lako, kazi yako na anwani yako. Mweleze nani aliandika. Usieleze habari ya baba yako wala ya futi, usimfanye akuhurumie. Halafu mweleze Mkasi ni nani. Nakala niletee.

Neno la siri nimelibadilisha.

Shangazi yako


12 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nakala hii hapa. Niliituma jana asubuhi kabla sijaingia kazini. Nilimsomea mke wangu kwanza, naye akanisogezea kiti.

“Kwa Mkuu wa Ununuzi. Mimi ni fundi wa lifti, ni mtoto wa kaka wa fundi aliyewashonea miaka kumi na tisa. Barua mliyoipokea tarehe 14 Desemba kwa jina lake niliiandika mimi. Hakuniagiza, hakujua, na alipokuja kuwaambia hivyo alisema kweli. Hakusahau kitu. Mkataba wenu haukumfikia kwa sababu mimi niliuficha. Yeye alikusudia kuwajibu kwamba kazi aichukue binti anayeitwa Mkasi, aliyekata magauni yenu yote kwa miaka mitatu iliyopita. Sina haki ya kuwaomba chochote. Nawaomba tu barua ile iondolewe ukutani, na mkitafuta fundi wa magauni, mmwite binti huyo mumpime kwa kazi yake. Niko tayari kuja kuyasema haya mbele yenu.”

Sijaweka habari ya Baba.

Naomba nije mwezi ujao, Shangazi. Bila gari la kubebea vitu. Nije nikae siku mbili, niwaombe radhi Mkasi na Mzee Pasi kwa mdomo wangu. Nakuomba.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Hii naiandika kwa simu, barua pepe yangu ya kwanza. Nimeanza asubuhi na sasa ni saa sita. Kidole kinanielewa mara mbili kati ya tatu. Naweza kuandika kwa sababu natumia mkono wa kushoto, na huo bado unasikia.

Mwanamama wa ununuzi alikuja mwenyewe karakanani. Alisimama pale kwenye meza, akasema barua wameiondoa. Aliniomba radhi kwa namna alivyonitazama siku ile. Mashuka hayarudi, mkataba wa mtu umeshasainiwa na si vizuri kumpokonya. Magauni wamempa Mkasi kwa miezi sita ya majaribio. Miezi sita, si mwaka. Mkasi alisoma jina lake kwenye karatasi, akaenda nyuma akakaa huko muda mrefu, akarudi akaniuliza nyuzi za kijani zimebaki ngapi.

Mzee Pasi hatarudi. Nilimpigia. Amesema miguu yake imekwisha kujua kukaa. Hakuuliza habari zako.

Kwa magauni peke yake karakana inabeba mtu mmoja. Mtu huyo ni Mkasi. Mimi nakuja asubuhi, nakaa kwenye kiti, namwambia mahali anapokosea, na siku hizi hakosei sana. Kwa hiyo naondoka mapema. Nikifika nyumbani nasoma habari kwenye simu. Betri inakaa siku moja na nusu kweli.

Mkeo na mtoto nawasalimu, na mtoto mpige picha nyingine.

Umeomba kuja mwezi ujao. Umeomba vizuri, na nimekaa na ombi lako siku tatu. Jibu ni hapana. Hili nimeliandika mwenyewe. Mwezi wa tisa niulize tena.

Shangazi yako